Mizani ya Baba

Mama alipofariki mwaka 2011 nilimwomba baba atunge shairi. Sikuomba kitu kigeni. Kwa zaidi ya miaka ishirini baba yangu alikuwa akitunga mashairi ya watu wengine pale Mwaloni, Kirumba, na katika rika lake sijui mvuvi aliyeoa bila walau beti nne zilizotoka mkononi mwake. Nilidhani mkewe angepata hata mbili. Wanaume walikuwa wamekaa chini ya turubai, na mimi nikamfuata na daftari na kalamu kama karani.

"Baba, utunge tu. Nitalisoma mimi makaburini."

Akaliangalia daftari. "Sina."

"Huna nini?"

"Sina shairi."

Nikamkumbusha Shaaban Robert. Kitabu cha *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini* kilikaa nyumbani kwetu tangu sijajua kusoma, kimeng'oka jalada, na ni baba mwenyewe aliyenionyesha shairi la "Amina", ambalo Shaaban alimwombolezea mkewe. Kama Shaaban aliweza kumlilia Amina kwa vina, kwa nini wewe usiweze?

"Shaaban ni Shaaban," akasema, kisha akageuka kuuliza kama maji ya kunawa yametosha.

Nilimshikia kinyongo kwa jibu hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Makaburini nilisoma shairi langu mwenyewe, lisilo na vina wala mizani, kwa sababu machozi hayakunipa nafasi ya kuhesabu. Tuliporudi, katikati ya msiba, baba akaniambia kwa sauti ya chini kwamba lile halikuwa shairi. Nikamjibu kwamba Kezilahabi angelikubali. Euphrase Kezilahabi ni mtoto wa Ukerewe, wa Namagondo, kisiwa kimoja na baba, na *Kichomi* chake cha mwaka 1974 kilizua ugomvi mkubwa kati ya wanamapokeo na watu wa mashairi huru. Ugomvi huo ulikuwa haujaisha nyumbani kwetu miaka 37 baadaye. Baba hakunijibu.

Kazi yake ya kumlisha ilikuwa mizani. Alikuwa mpimaji. Alfajiri mitumbwi ikiingia, alisimama kando ya mizani ya kuning'inia na kalamu ya risasi sikioni, akisoma kilo kwa sauti ili mvuvi na mnunuzi wasikie pamoja. Katika miaka ya 1990, viwanda vya minofu vilipokuwa vinadaka kila sangara aliyepita, alirudi nyumbani sauti imekauka. Ila jioni ndipo walipokuja wale wengine. Walikuja vijana wa makambi ya Ukara na Irugwa, wanukao dagaa na mafuta ya taa, wamevua kofia kama wako kwa mganga. Mmoja alikuwa amempenda binti wa Nansio. Mwingine mke wake alikuwa amerudi kwao Sengerema na hataki kusikia habari zake. Bei ilijulikana: sato mmoja mkubwa kwa beti nne. Wenye dagaa walileta kopo.

Mimi ndiye nilikuwa mwandishi wake, kwa kuwa hati yangu ilisomeka. Baba alitembea chumbani akihesabu kwa vidole kwenye paja, mizani nane, kituo, mizani nane, na mimi nikaandika. Mpaka leo nikisikia neno "mizani" huwa sijui kwanza kama linahusu samaki au silabi.

Kwa hiyo nilijifunza mapenzi kwa kuandika imla. Niliyajua yote nikiwa na miaka kumi na miwili. Mpenzi ni ua, ni njiwa, ni tausi, ni asali ya nyuki wadogo, ni lulu. Siku moja nilimuuliza baba kwa nini tunamwita binti wa Nansio lulu ya bahari wakati yeye, sisi, na kijana aliyelipa sato, hakuna aliyewahi kuiona bahari.

"Ndiyo maana," akasema. "Mapenzi yanataka kitu cha mbali. Ukimwita sato atakuuliza kilo ngapi."

Nimefundisha ushairi sekondari miaka kumi na zaidi na sijapata maelezo bora ya sitiari kuliko hayo. Mashairi ya mahaba tuliyo nayo, kuanzia ya waswahili wa pwani hadi nyimbo za taarabu na Bongo Fleva ya juzi, yanazungumza na mtu anayeweza kukataa. Anayeweza kukataa lazima apambwe. Husikii ndani yake habari ya ndoo, kikohozi, kodi ya nyumba. Mpenzi wa kwenye shairi hana magoti yanayouma. Yuko dirishani, au yuko safarini, au ameondoka na mwenye gari.

Mashairi ya ndugu nayo yana tabia yake, na mimi niliyaona makavu. Mama anaambiwa asante kwa miezi tisa. Mtoto anausiwa. Shaaban Robert huyo huyo aliyemlilia Amina, alipotaka kumwambia binti yake kwamba anampenda, alimtungia *Utenzi wa Hati*, na mtoto wa kiume akatungiwa *Utenzi wa Adili*, ubeti baada ya ubeti wa fanya hivi, usifanye vile. Nilipokuwa kidato cha tatu niliona dhuluma ndani yake. Mke kapata machozi, watoto wamepata kanuni.

Mwaka huo huo baba alilikuta daftari langu lenye shairi nililomwandikia mvulana wa darasa la jirani. Nilikuwa nimesoma *Rosa Mistika*, nikijua baba wa Ukerewe humfanya nini binti anaponaswa na barua ya mvulana. Nikasubiri kipigo. Asubuhi nililikuta daftari juu ya meza, mistari miwili imepigiwa mstari kwa kalamu ya risasi, na pembeni ameandika: "17. 15. Rekebisha." Mama alitaka nichapwe. Baba akamwambia mtoto asiyejua kuhesabu mizani hataolewa na mtu wa maana. Kuhusu yule mvulana hakusema lolote, na mimi aibu iliniponya mapenzi hayo kuliko fimbo.

Nimeruka jambo moja. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikitoka Bukoba, ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Walikufa mamia. Wengi wamelala Igoma, na kwa wiki kadhaa jiji zima lilikuwa kama nyumba moja yenye msiba. Vijana wa makambini hawakuja kutafuta lulu wala tausi. Walikuja wanawake. Mmoja simsahau, alikaa kwenye kigoda chetu na kanga mbili, moja kichwani moja kiunoni, akasema mume wake alikuwa ndani ya meli. Alitaka beti za kusoma kwenye arobaini.

Baba akaanza kutembea. Akaleta bahari ya giza, akaleta nyota iliyozimika, akaleta ndege aliyeacha kiota. Nikaandika. Yule mama akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mzee," akasema, "weka ndizi."

"Ndizi?"

"Alikuwa anatuletea ndizi. Alinipigia simu kwa jirani, akasema ndizi mikungu mitatu, mmoja wa mama yake. Weka hiyo mikungu."

Baba alisimama kimya muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta kina. Mwishowe aliiweka mikungu mitatu, na wa mama mkwe akautaja peke yake, na ule ubeti ukawa na mizani kumi na sita kamili kila mshororo. Hakuchukua malipo. Usiku nilimsikia akimwambia mama kwamba amelemewa na ndizi. Mama akacheka, kisha wote wawili wakanyamaza.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na sikuunganisha chochote.

Nilikuja kuunganisha mwaka 2019, mbele ya wanafunzi arobaini na wanne, saa nane mchana, joto limeshikamana na bati. Nilikuwa nimewaletea *Utendi wa Mwana Kupona*, nje ya vitabu vya mtihani, ili waone kwamba ushairi haukuanza na *Wasakatonge* na *Malenga Wapya*. Niliwaeleza mambo ya kawaida: ulitungwa mwaka 1858 kwenye visiwa vya Lamu; mtunzi alikuwa mgonjwa; anamwita binti yake, Mwana Hashima, akae karibu na wino na karatasi apokee wosia. Kiamu kilitusumbua, ikabidi nitafsiri ubeti kwa ubeti kwa Kiswahili cha Mwanza. Mume akilala usimshtue. Kaa karibu naye, mpapase, asikose mtu wa kumpepea. Mtengeneze ndevu apendeze. Mfukize ubani asubuhi na jioni.

Wasichana walichachamaa, kama wanavyochachamaa kila mwaka. "Madam, huyu ni mke au mtumwa?" Nikafurahi, kwa sababu hapo ndipo nilipozoea kuandika ubaoni: *nafasi ya mwanamke katika jamii*. Jibu hilo ni sahihi na lina maksi zake. Nikageuka kuandika.

Nyuma, mvulana mmoja mtoro, ambaye nadhani alikuwa darasani kwa sababu ya jua tu, akauliza bila kunyoosha mkono.

"Madam, huyo mama kajuaje?"

"Kajuaje nini?"

"Kwamba mtu akilala anataka kupepewa. Si alikuwa anampepea baba yake huyo binti?"

Darasa likacheka. Mimi nilibaki na chaki mkononi. Mume wa Mwana Kupona, Bwana Mataka wa Siyu, alifariki mwaka 1856. Nilikuwa naijua tarehe hiyo na nilikuwa nimeshaisema kwa midomo yangu kipindi kilichopita. Sikuwahi kuitoa 1856 katika 1858. Ni mjane wa miaka miwili, anaumwa, hana mtu wa kumpepea tena, na wosia aliokusudia wa binti yake umejaa shingo, ndevu, usingizi na ubani wa mwanamume mmoja. Mbele kidogo anamwambia binti waziwazi jinsi alivyoishi na baba yake kwa furaha. Hakuna tausi hapo. Kama angetaka kumtungia mumewe shairi la mapenzi angemwita nani, angempamba wa nini, wakati hayupo wa kukubali wala kukataa? Aliyebaki wa kuambiwa ni mtoto.

Sisemi kwamba wasichana wangu walikosea. Nisingependa binti yangu aishi kwa utenzi ule, na mtu anaweza kumpenda marehemu wake na bado akamfunga mwanawe kamba. Yote mawili yamo.

Tulibakiwa na dakika kumi, nikawasimulia Fumo Liyongo, kwa sababu nilihitaji kuendelea kusema. Liyongo yuko gerezani, na mama yake anampelekea mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Wa wishwa, ili walinzi wasiutamani. Muhammad Kijumwa, aliyeuandika utenzi huo mwaka 1913, haelezi moyo wa mama ulivyokuwa. Anaeleza mkate. Na anayemuua Liyongo baadaye, kwa sindano ya shaba kitovuni, ni mtoto wake mwenyewe. Kengele ikalia. Yule mtoro alikuwa wa kwanza mlangoni.

Jioni hiyo nilitoa barua za baba chini ya kitanda. Nilisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 2004 hadi 2007, na ingawa simu zilikuwepo, baba hakuwa na imani na kitu kinachokata salio katikati ya sentensi. Aliandika. Barua thelathini na moja, na nilikuwa nimezihifadhi kwa wajibu tu, maana nilikumbuka kwamba hazikuwa na kitu. Wenzangu walipata barua za baba zinazosema tunakuombea, tunajivunia. Zangu zilikuwa orodha.

Nimepata ruhusa ya mwenyewe kuandika baadhi hapa.

"Ukija Desemba usilete kitenge, anavyo. Lete viatu vya chini, magoti yamezidi."

"Mama yako asikuone unashuka kwenye gari. Ingia ndani kwanza akiwa amekaa. Akikuona nje atasimama muda wote mnaposalimiana."

"Chai yake tangawizi ipungue. Inamkereketa ila hasemi."

"Mdogo wako nimemwambia asimruhusu kubeba dagaa wa kuanika, wewe umwambie pia, wewe anakusikia."

"Usiku anakohoa akilalia upande wa ukuta. Nimegeuza kitanda. Ukifika utaona chumba kimebadilika, usiulize mbele yake."

Thelathini na moja. Katika barua zote hizo amenitaja mimi mara chache, na kila mara ni kama chombo cha kufanyia kitu fulani kwa mama. Nilipokuwa chuoni iliniuma hivyo. Sasa nilizisoma mpaka saa saba usiku, na nilikuwa na maumivu mapya, kwa sababu nilikuwa nimemnyima baba salamu za kawaida kwa miaka minane.

Baba alikwisha kurudi Ukerewe. Baada ya mama kufariki alisema Kirumba kuna kelele, akahamia kwenye nyumba ya marehemu kaka yake nje kidogo ya Nansio. Likizo ya Juni nilipanda meli. Ni mwendo wa saa tatu hivi, nyuma yako mawe ya Mwanza yanapungua mpaka yanafanana na changarawe, kisha unakuwa na maji tu. Pembeni yangu alikaa bibi mwenye kanga iliyoandikwa *Nani kama mama*, na mbele yetu kijana mwenye simu akimrekodia mtu ujumbe wa sauti, akimwita malkia, kipenzi, pumzi. Nilitamani kumuuliza kama malkia anaumwa magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Meli imechelewa."

Macho yake yana mtoto wa jicho, anaona kivuli. Nilipika ugali na sato, tukala, nikaosha vyombo. Nilikuwa na zile barua kwenye mkoba na sikujua namna ya kuzitoa, kwa hiyo nilizitoa vibaya. Nikasema, baba, nilikukasirikia kwa sababu hukumtungia mama shairi, kumbe ulikuwa umeshamtungia, ni hizi hapa.

"Hizo ni barua," akasema.

"Ndiyo, lakini..."

"Hazina vina."

Nikanyamaza. Nje mtu alikuwa anafukuza mbuzi. Baba akavuta blanketi magotini.

"Mama yako alikataa," akasema.

Akanieleza polepole. Walikuwa wameoana mwaka mmoja. Siku ile alikuwa ameuza beti nyingi, nyumba imejaa sato, naye akaona aibu kwamba mkewe hajapata chake. Akamtungia. Akamsomea jikoni, beti sita. Mama akaendelea kuparua samaki hadi mwisho. Kisha akasema: "Maneno haya umeshawauzia watu wote wa Mwaloni. Usiniletee makombo."

"Akasema hivyo?"

"Kwa sauti ya kawaida. Akaniambia nikitaka kumpa kitu nimletee maji ya bombani, ndoo zilikuwa tupu."

"Ukafanyaje?"

"Nikachukua ndoo."

Kwa hiyo siku ile chini ya turubai, nilipomfuata na daftari langu la karani, nilikuwa namwomba avunje ahadi mbele ya watu, wakati mwenyewe amelala ndani hajazikwa. Alijua mahali maneno yake yote yalipokuwa yametoka na nani alikuwa ameyalipia. Mikungu mitatu ya ndizi alikuwa ameweza kuiweka kwa sababu ilikuwa ya yule mama mwingine. Nilimuuliza kwa nini hakunieleza. Akasema sikuuliza, nilikuwa nagomba. Ni kweli.

Zile beti sita hazikuhifadhiwa, na baba anasema hazikumbuki, isipokuwa kwamba kulikuwa na lulu. Tukacheka wote wawili.

Baadaye akaniambia nimsomee barua, kwa kuwa yeye hawezi. Nikawasha taa ya sola nikasoma kadhaa, bila mpangilio. Alisikiliza na vidole vyake vikawa vinagonga paja, nane, kituo, halafu vikapotea, maana barua hazina mahali pa kituo. Nilipofika kwenye ile ya kitanda akainua mkono.

"Rudia hapo."

"'Usiku anakohoa akilalia upande wa ukuta.'"

"Niliandika ukuta?"

"Ndiyo."

"Ni dirisha. Upepo wa ziwa ulikuwa unaingia dirishani. Ukutani ndiko nilikomhamishia." Akatikisa kichwa, amekasirika kweli. "Futa. Andika dirisha."

Nikatafuta kalamu kwenye mkoba. Nilipomaliza akauliza kama nimefuta vizuri, nikasema ndiyo, akaniambia nizime taa, sola yenyewe siku hizi haikai na chaji.